Goti Halikuguswa na Mtu

Pasi ilikuja juu kidogo kuliko alivyoitaka. Binti akaruka, akaidaka kwa mikono miwili, na kabla hajagusa ardhi shingo yake ilikwishageukia golini kumtafuta mfungaji. Akatua kwa mguu wa kushoto. Goti likaingia ndani, kiwiliwili kikaelemea upande uleule, akaanguka.

Mwamuzi alipuliza filimbi. Hakuwa ameona jeraha. Aliona mguu wa kutua umeburuzika, akaonyesha kosa la kutembea na mpira. Mkono wake ulikuwa bado hewani ndipo kelele zikatoka.

"Nani kamgusa?" aliuliza mzazi mmoja aliyekwishaingia uwanjani, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumgombeza.

Hakuna. Mlinzi wake alikuwa umbali ule ambao sheria ya mpira wa pete inamtaka awe, mikono juu, akishangaa kama sisi.

Goti lilivimba kabla jua halijazama. Eksirei ilionyesha mifupa mizima, tukapumua, tukapigiana simu: hakuna kilichovunjika. Bibi yake akamwita mzee wa kuchua, akalikanda, akasema limeteguka tu, litarudi. Na kweli uvimbe ulipungua, binti akaanza kutembea, hata kuchechemea kukaisha. Kisha asubuhi moja akiwa anashuka ngazi za darasani goti likamwachia. Aliliona likimwachia, hivyo ndivyo alivyosema: "Mwalimu, limeniacha."

Mimi nafundisha Jiografia. Michezo nilikabidhiwa kwenye kikao cha walimu kwa hoja nzito kwamba mimi ndiye mwenye umri mdogo na tayari nina filimbi. Kwa wiki nyingi baada ya siku ile swali la yule mzazi lilinikaa kichwani. Kama hakuna aliyemgusa, basi goti la mtoto mwenye afya limejiharibu lenyewe mchana kweupe. Akili yangu ilikataa.

Kuvuta muundi

Jibu la kwanza nilipewa na mtaalamu wa mazoezi tiba, tena kwa mikono kuliko kwa mdomo. Alimlaza binti chali, akaanza na mguu mzima: goti limekunjwa kidogo tu, mkono mmoja umeshika paja, mwingine umeshika muundi chini kidogo ya goti. Akauvuta muundi mbele. Ukasogea kidogo, ukagota.

Akahamia mguu wa kushoto, akavuta vilevile. Muundi ukaja. Ukaendelea kuja. Haukugota popote.

"Umeona, mwalimu? Kule kuna kitu kinazuia. Huku hakipo."

Kitu hicho ni kano mtambuka ya mbele. Kano ni ukanda mgumu unaofunga mfupa na mfupa. Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana katikati, moja mbele na moja nyuma. Ile ya mbele, yenye urefu wa sentimita tatu hivi, imeshika juu ya mfupa wa muundi upande wa mbele, inapanda kwa mshazari hadi nyuma ya mfupa wa paja, kwenye ukuta wa upande wa nje. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele ya paja na usijizungushe kupita kiasi. Eksirei haiwezi kuiona, kwa kuwa eksirei inaona mifupa. Ndiyo maana tulishangilia picha nzuri ya goti bovu.

Nikamuuliza lile swali langu: imekatikaje bila kuguswa?

Akasema, "Usiangalie goti. Goti halina kosa." Kisha akamwita mgonjwa mwingine, nami nikabaki na hasira kidogo, maana jibu la namna hiyo humwachia mtu kazi ya nyumbani.

Viganja mbele

Nikaanza kusoma biomekaniki, elimu ya kani na mwendo wa mwili. Milango ya elimu hii inachosha. Kabla hujaambiwa lolote la maana unaagizwa usimame: wima, miguu imeelekea mbele, mikono pembeni, viganja vimegeuzwa mbele. Hakuna mwanadamu anayesimama hivyo isipokuwa anayepimwa nguo. Lakini huo ndio msimamo wa kianatomia, na kila neno linaanzia hapo. Ukisema "mbele", "kando" au "karibu na kiwiliwili", unamaanisha kwa mtu aliyesimama vile, hata kama mchezaji wako sasa hivi yuko hewani amepinda.

Halafu mwili unakatwa kwa mabapa matatu. La kwanza, bapa la sajitali, linautenga upande wa kulia na wa kushoto, na mienendo yake ni ya mbele na nyuma: kukunja goti, kunyoosha goti, kuinua paja, kurudisha paja. La pili, bapa la frontali, linatenga mbele na nyuma, na humo miguu hutanuka kwenda nje na kurudi ndani. La tatu ni bapa la transvasi, linalotenga juu na chini, na humo mnapatikana mizunguko, kiuno kikigeuka, paja likijipinda kwenye nyonga.

Nilisoma haya na kuyaweka pembeni. Yalinifanana na yale ya longitudo na latitudo ambayo wanafunzi wangu huyakariri kwa mtihani na kuyasahau.

Kilichoyarudisha ni video. Mwanafunzi mmoja alikuwa amerekodi mchezo ule kwa simu ya kaka yake, amesimama pembeni, kwa hiyo alimpata yule binti kutoka ubavuni. Nilipoitazama kwa mwendo wa polepole sikuona chochote kibaya. Goti limekunjwa kiasi, mguu umeshika chini, mtu ameanguka. Nikairudia. Hakuna.

Baadaye ikaja video nyingine, ya mtu aliyekuwa nyuma ya goli. Huyu alimpata kutoka mbele.

Goti lilikuwa limevuka kidole gumba cha mguu kwenda ndani. Paja limejizungusha, nyayo imebaki nje, na nyonga ya upande wa pili imeshuka. Sekunde ileile, mtoto yuleyule. Ukitazama kutoka ubavuni unaliona bapa la sajitali peke yake, na katika bapa hilo alitua kama kawaida. Ajali ilikuwa imetokea katika mabapa mawili ambayo kamera ya kwanza haikuweza kuyaona.

Na mwalimu anayesimama pembeni ya mstari anaona kama kamera ya kwanza.

Bawaba

Goti ni kiungo cha bawaba, na bawaba hufanya kazi moja. Mlango unafunguka na kufunga kwa miaka bila kulalamika, lakini mtoto akiuning'inia ukiwa wazi, bawaba zinang'oka siku hiyohiyo. Goti lina ruhusa ndogo ya kuzunguka likiwa limekunjwa, basi. Upande kwa upande halina ruhusa yoyote, na misuli inayolivuka imepangwa mbele na nyuma kwa ajili ya kukunja na kunyoosha.

Juu yake kuna nyonga, kiungo cha tufe na kikombe, chenye uhuru wa mabapa yote matatu. Chini yake kuna kifundo cha mguu na nyayo, ambavyo navyo vinajua kupinda huku na huku. Goti limebanwa kati ya majirani wawili walio huru. Jirani wa juu akishindwa kujishika, anayeteleza nje ya mstari ni goti.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule mtaalamu.

Simama kwa mguu mmoja sasa hivi. Fupanyonga lako linataka kudondoka upande usio na mguu, kwa sababu uzito wako uko upande huo. Linalolizuia ni msuli wa pembeni ya tako, gluteasi midiasi, unaovuta kutoka nje. Tatizo ni wenzo. Egemeo liko kwenye kiungo cha nyonga. Uzito unavuta ukiwa mbali na egemeo, msuli unavuta ukiwa karibu nalo, takriban nusu ya umbali ule. Kwa hiyo ili usianguke tu, msuli huo unavuta kwa kani inayokaribia mara mbili ya uzito wako. Na hapo umesimama kimya, hujaruka wala hujadaka mpira. Mwitaliano Borelli aliliona jambo hili katika karne ya 17 alipopiga hesabu za nyenzo za mwili: misuli yetu inafanya kazi karibu mno na egemeo, kwa hiyo inalazimika kuvuta kwa kani kubwa kuliko mzigo inaoubeba. Kabla yake wengi waliamini kinyume.

Msuli huo ukichoka au ukichelewa, paja linaanguka ndani na kujizungusha. Goti linafuata.

Hesabu ya kutua

Nilitaka namba, maana maneno "kani kubwa" hayamtishi mtu.

Chukua binti wa kilo 55 aliyeruka kitovu cha uzito wake kikapanda sentimita 30. Anaporudi chini ana kasi ya mita 2.4 kwa sekunde. Kasi hiyo lazima ifike sifuri. Hilo halina mjadala. Mjadala ni muda. Akitua kwa mguu mkavu, goti karibu limenyooka, akasimama ndani ya sekunde 0.05, ardhi inamsukuma kwa wastani wa nyutoni 3,180 hivi. Huo ni uzito wa zaidi ya kilo 300 kwenye mguu mmoja. Akikunja nyonga, goti na kifundo pamoja, akautumia muda wa sekunde 0.2, wastani unashuka hadi nyutoni 1,200, kama kilo 120. Tofauti nzima imetokana na sentimita: wa kwanza alisimama ndani ya sentimita 6, wa pili alijipa 24.

Kazi hiyo ya kusimamisha hufanywa na misuli inayovuta huku inarefuka. Misuli ya mbele ya paja, ya tako na ya shavu la mguu yote inakaza huku viungo vinakunjika, kama breki. Ndiyo maana mtu akishuka mlima siku nzima kesho yake mapaja yanamuuma kuliko aliyepanda.

Sasa weka nyayo sentimita 5 nje ya mstari wa goti. Ardhi inasukuma juu kupitia nyayo, goti liko ndani, na umbali huo wa sentimita 5 umekuwa mkono wa wenzo. Kwa kutua kukavu, nguvu ya kulipinda goti kwenda ndani inafika nyutoni-mita 159, sawa na kuning'iniza kilo 16 kwenye ncha ya fimbo ya mita moja iliyofungwa kwenye goti, ubavuni. Kwa kutua laini inakuwa 60. Misuli hubeba sehemu kubwa, kano zinabeba inayobaki. Vipimo vya maabara kwa vijana waliofariki vilionyesha kwamba kano mtambuka ya mbele hukatika ikivutwa kwa nyutoni 2,000 na kitu hivi.

Halafu kuna usaliti mmoja ambao ulinishangaza kuliko yote. Goti likiwa karibu limenyooka, misuli ya mbele ya paja ikikaza inauvuta muundi mbele, kupitia kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, na kano iliyo chini yake. Mbele ndiko kule ambako kano mtambuka inazuia. Misuli ya nyuma ya paja ingeweza kuurudisha, lakini goti likiwa limenyooka inavuta karibu sambamba na mfupa, haina pembe. Goti likikunjwa zaidi, mambo yanageuka: ya mbele inaacha kuvuta muundi mbele, ya nyuma inapata pembe nzuri. Kwa hiyo "kunja goti" tunayoipigia kelele viwanjani ni kweli tupu. Ila inasema juu ya bapa moja.

Wakati usiokuwepo

Kuna kundi la watafiti lililochukua video za wachezaji wa kike wa mpira wa mikono na mpira wa kikapu walioumia kano hii, zilizopigwa na kamera zaidi ya moja, wakajenga upya mwendo wa mifupa. Walikadiria kwamba kano inakatika takriban milisekunde 40 baada ya nyayo kugusa chini.

Nilisoma namba hiyo nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo kisicho changu.

Mtu akiona kitu na kuamua kukijibu kwa msuli, anahitaji zaidi ya milisekunde 100, mara nyingi 200. Yule binti hakuwa na nafasi ya kurekebisha goti lake. Wakati ubongo wake unapokea habari kwamba ardhi imefika, habari ilikuwa imekwisha. Na mimi niliyekuwa pembeni nikipaza sauti "Kunja!", ningekuwa natoa salamu za rambirambi.

Basi kila kitu kinaamuliwa hewani. Misuli inatakiwa iwe imekwishakaza kabla nyayo haijagusa, mguu umekwishachagua mahali pa kushuka, kiwiliwili kimekwishakaa juu ya mguu. Mchezaji anayetua vizuri hatui vizuri kwa kufikiri. Mwili wake unategemea desturi. Na desturi haifundishwi kwa kupiga kelele dakika ya mchezo.

Hapo nikaanza pia kuutazama mpira wa pete kwa jicho lingine. Huruhusiwi kudunda mpira ukakimbia nao. Ukidaka ukiwa hewani na kutua kwa mguu mmoja, mguu huo ukishauinua huruhusiwi kuukanyaga tena chini mpaka mpira utoke mikononi, na una sekunde tatu tu. Mchezaji wa mpira wa kikapu anaweza kudaka na kuendelea na mwendo wake kwa kudunda. Wetu anatoka mbio kamili hadi sifuri kwa mguu mmoja, mara nyingi kwa dakika chache, huku kichwa kimegeuzwa upande mwingine. Julie Steele, mtafiti wa Australia, alikuwa akipima utuaji huu tangu miaka ya 1980 kwa sababu hiyo. Mwamuzi wetu siku ile aliona kosa la mguu. Kwa maana fulani aliona sawasawa: mguu ulikuwa unajaribu kutii sheria na goti likalipa.

Ndoo kichwani

Nikizungumza na walimu wenzangu juu ya haya, mmoja huja na hoja ileile: wasichana wetu wana nguvu, wanabeba maji, wanatwanga, wanatembea. Hao wa Ulaya ndio wenye miguu ya glasi.

Hoja ina nusu ya ukweli, tena nusu tamu. Mwaka 1995 lilichapishwa chapisho katika jarida la Nature kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya wanaobeba mizigo kwa kichwa, Wajaluo juu ya utosi, Wakikuyu kwa ukanda wa kipajini. Walikuwa wanabeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada kuliko wanapotembea mikono mitupu. Kitovu cha uzito kinapanda na kushuka kila hatua, na wao walikuwa hodari zaidi wa kuirudisha ile nishati ya kupanda katika kusonga mbele. Ni moja ya mambo mazuri ninayoyajua juu ya mwendo wa binadamu, na limetoka kwetu.

Lakini kutembea na ndoo ni kazi ya bapa la sajitali, polepole, macho mbele, na kazi nzima ni kuepuka mishtuko. Kutua na mpira kwa mguu mmoja huku umegeuka ni kazi nyingine. Nguvu zipo, ila hazijafundishwa kazi hiyo. Mtoto wa kiume wa mtaa wetu ametua maelfu ya mara akicheza chandimu huku dada yake anaosha vyombo, na nafikiri hili lina uzito wake tunaposikia kwamba wasichana wanaumia kano hii mara kadhaa zaidi ya wavulana katika michezo ya kuruka na kukata kona. Watafiti wanataja upana wa nyonga, homoni, umbo la mfupa. Sina ubishi nao. Ila sioni kwa nini tuanze na homoni kabla ya kuuliza nani aliruhusiwa kucheza.

Rede, kwa mfano. Wasichana waliokulia kwenye rede, wakikwepa mpira katikati ya warushaji wawili, hukaa chini, huenda kwa ncha za miguu, hugeuka na kurudi. Sijaona utafiti wowote juu ya rede na magoti. Nasema tu nilivyoona uwanjani: wanaoijua rede wanatua tofauti.

Maneno ya nani?

Nikiwa nimejaa elimu yangu mpya, niliwakusanya wachezaji nikaanza kuwapa mihadhara. Bapa la frontali. Mzunguko wa paja. Msuli wa pembeni ya tako. Wakacheka kwenye tako, kama ilivyotarajiwa, kisha wakajaribu kutua wakiyafikiria yote. Walitua kama watu wanaokanyaga misumari.

Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza mienendo, ana utafiti wa mwaka 1998 uliofanywa kwenye mashine ya kuigiza kuteleza thelujini. Waliojifunza wakiambiwa wafikirie miguu yao walijifunza kwa shida kuliko walioambiwa wafikirie magurudumu yaliyo chini ya jukwaa walilosimamia, umbali wa sentimita chache tu kutoka miguuni. Tangu hapo jambo hilo limejaribiwa katika michezo mingi: mtu akikodolea fikra kiungo chake mwenyewe, mara nyingi anaukakamaza mwili uliokuwa unajua njia.

Nikabadilisha. Nikawaambia jambo moja: "Tueni nisiwasikie."

Uwanja wetu ni saruji ya zamani, kila mtu anasikika. Ndani ya kipindi kimoja walikuwa wakishindana nani asiye na sauti, na ukitaka kutua bila sauti huna budi kukunja nyonga, goti na kifundo. Hakuna njia nyingine. Kisha nikamweka mwenzao mbele ya kila anayeruka, nikamwambia amwelekeze goti lake kwake. Goti likaacha kuingia ndani. Hakuna aliyetaja bapa.

Ingawa sitaki kuivika mbinu hii kilemba cha ukoka. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa New Zealand uliwalinganisha watu walioambiwa wasikilize sauti ya kutua kwao na walioelekezwa viungo kwa viungo. Yote mawili yalipunguza kani. Maelekezo ya viungo si sumu. Pengine wangu nilikuwa nimewapa mengi kwa mpigo.

Nilichobaki nacho ni kwamba majina yale yanamfaa anayetazama. Sasa nasimama nyuma ya goli nusu ya mazoezi na pembeni nusu nyingine. Naona nyonga inashuka kabla ya goti kuingia. Nisingeliona kama sikujua kwamba kuna kitu cha kuangalia pale.

Nani atafuata

Baada ya hapo nikashawishika kuwapima wote, niwajue wa hatari. Unampandisha mchezaji juu ya sanduku, ashuke, aruke tena, umrekodi kutoka mbele. Mwaka 2005 utafiti wa Marekani, wa Timothy Hewett na wenzake, uliwapima wasichana 205 kwa namna hiyo. Tisa wakaumia baadaye, na magoti yao yalikuwa yameingia ndani zaidi kuliko ya wengine. Nilitaka kununua sanduku.

Kisha nikakutana na utafiti wa Wanorwe. Walipima wachezaji wa kike wa ligi za juu za mpira wa mikono na wa miguu, zaidi ya 700, wakawafuatilia kwa miaka, na mwaka 2016 wakatoa majibu: goti kuingia ndani lilihusiana kidogo na kuumia, lakini kipimo hakikuweza kumtenga atakayeumia na asiyeumia. Wengi wenye magoti mabaya walicheza salama. Wengine wenye magoti mazuri waliumia.

Hili lilinivunja moyo kwa siku kadhaa. Hesabu zangu zote za wenzo zilikuwa sahihi, na bado hazinipi jina la mtoto. Goti linapoumia, limeumia kwa sababu ya kutua fulani, siku fulani, akiwa amechoka kiasi fulani, pasi imekuja juu kidogo. Mtu anayeshuka kwenye sanduku kwa utulivu huku akitazamwa si mtu yule.

Lakini Wanorwe haohao ndio walionipa njia ya kutokea. Mwaka 2008 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lao la mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo 11+, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza mpira wa miguu. Hawakuchagua wenye hatari. Waliwapa wote: kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, mazoezi ya misuli ya nyuma ya paja, kuruka na kutua, dakika kama 20 kila mazoezi. Majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi, na yale makubwa karibu nusu. Huhitaji kumjua atakayeumia ikiwa wote wanafanya zoezi lilelile, na zoezi lenyewe halihitaji sanduku wala kamera.

Netiboli ya Australia nayo ina programu yake ya namna hiyo, iitwayo KNEE, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutua na kubadili mwelekeo. Nimechanganya vipande vya zote mbili na kuruka kamba, kwa kuwa kamba tunazo.

Mguu mmoja au miwili

Binti hajafanyiwa upasuaji. Familia inapima gharama, na mtaalamu amesema wazi kwamba hata akifanyiwa, asifikirie kucheza kabla ya miezi tisa, kwa sababu wanaorudi mapema huumia tena zaidi. Kwa sasa anafanya mazoezi ya paja na nyonga, na bibi yake anamhesabia marudio kwa sauti akiwa jikoni. Kuchua kumesitishwa, bila ugomvi.

Ubishi uliobaki ni kati yangu na mwalimu mwenzangu wa shule jirani, mwanamke aliyecheza senta enzi zake na anayeujua mchezo huu kuliko mimi. Mimi nataka watoto wa kidato cha kwanza wafundishwe kutua kwa miguu miwili kila inapowezekana. Sheria inaruhusu: ukitua kwa miguu yote pamoja unachagua mwenyewe upi utabaki chini. Kani inagawanywa, fupanyonga halidondoki upande, nusu ya kesi imekwisha.

Yeye anasema nitalea timu ya vyura. Pasi nzuri, anasema, huwa mbele ya mchezaji, na ili uifikie lazima unyooshe mguu mmoja. Anayesubiri kukusanya miguu yote miwili atakuta mpira umeshachukuliwa. Afadhali wafundishwe mguu mmoja vizuri, tangu mapema, kwa pande zote mbili, hata ule wasioupenda. Na anaongeza kwamba wengi hutua kwa mguu uleule kila mara bila kujua.

Hilo la mwisho nilikwenda kulihesabu kwenye video zangu, na yuko sahihi. Kwa hiyo muhula huu wa kidato cha kwanza wanaanza na miguu miwili kwangu, wa kwake wanaanza na mmoja, kulia na kushoto kwa zamu, na tumekubaliana kurekodi mechi zetu zote kutoka nyuma ya goli.